Mji wa Wote, Nchi ya Wazaramo

Habari ya Dar es Salaam, kama inavyofundishwa shuleni na kuandikwa kwenye vitabu vya wageni, huanza na Sultani. Palikuwa na kijiji cha wavuvi kiitwacho Mzizima. Katika miaka ya 1860 Majid bin Said wa Zanzibar akaipenda bandari yake tulivu, akaanza kujenga na kupaita jina jipya. Akafariki mwaka 1870, majengo yakaachwa yakiporomoka. Wajerumani wakaja, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Yote hayo ni kweli. Lakini ukiyasikia hivyo, unabaki na picha ya ufuko mtupu uliokuwa ukimsubiri mtu wa kuutia maana. Watu waliokuwapo wanatajwa mara moja, kama wavuvi, kisha hawarudi tena. Hoja ya makala haya ni kwamba ukimya huo si jambo dogo, na wala hautokani na umoja wetu wa kitaifa kama wengi wanavyodhani. Umetokana na sheria ya kikoloni, na mji wenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022 unaweza kuuvunja bila kumnyang'anya mtu yeyote nyumba wala kiwanja chake.

Tuanze na kilichokuwapo. Kunduchi, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Kinondoni, ina magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, baadhi yakiwa yamepambwa kwa bakuli za kaure zilizovuka bahari. Kusini, upande uliokuwa Temeke na sasa ni Kigamboni, Mbuamaji nayo ina makaburi na magofu yake. Kati ya ncha hizo mbili vilijipanga vijiji vya Washomvi, watu wa pwani ambao masimulizi yao yanaunganisha asili yao na Barawa, wakiishi kwa chumvi, samaki na biashara chini ya madiwani na majumbe wao. Nyuma ya ufuko ndipo ilipokuwa Uzaramo yenyewe: mashamba na vijiji vilivyopanda hadi vilima vya Pugu, Kisarawe na Maneromango. Pande hizi mbili zilikuwa na mapatano. Masimulizi yanaeleza kwamba Washomvi walipovamiwa na Wakamba, aliyewaokoa alikuwa Pazi Kilama, mwindaji kutoka bara, na kuanzia hapo watu wa pwani wakawa wanawapa Wazaramo ushuru, huku jina la Pazi likigeuka cheo cha wakuu wa Kizaramo. Richard Burton alipokatiza Uzaramo mwaka 1857 alikuta wakuu wenye cheo hicho wakidai hongo kwa kila msafara uliopita. Msafiri huyo alilalamika sana, na ndani ya malalamiko yake umo ushahidi tunaouhitaji: miaka kadhaa kabla Majid hajaweka jiwe la kwanza, mtu hakuweza kupita hapa bila kumtambua mwenye nchi.

Utambuzi huo haukuwa wa nguvu tu. Kwa Wazaramo, kama kwa jirani zao Waluguru na Wakutu, ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo ilishikwa kwa makaburi na kwa matambiko. Mvua ilipogoma, wajumbe walikwenda hadi Uluguru kuuomba mzimu wa Kolelo. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi Bunju katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, ameeleza kwa kina malezi ya mwali: binti akiwekwa ndani, akikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, chenye kishungi cha nywele kichwani, amlee kwa kumwogesha na kumpaka mafuta kama mtoto, na ikifika siku yake, anapelekwa na wanawake hadi penye mti wa mkole. Jambo la kushika hapa ni kwamba mkole haubebwi kwenda popote. Ni mti uliosimama mahali fulani, na wanawake wa ukoo ndio wanaojua ni wapi. Bunju ya leo ina vituo vya daladala, maduka ya vifaa vya ujenzi na viwanja vilivyopimwa, na haijapita hata karne moja tangu nchi hiyo isomwe na watu wake kwa miti na makaburi.

Basi mwenye nchi alifutwaje? Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote ya koloni isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Watu binafsi, machifu na jamii waliachiwa nafasi ya kuthibitisha haki zao. Lakini aliyeamua uthibitisho upi unatosha alikuwa mkoloni mwenyewe, na shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba yake, mbele ya macho yake, lilikuwa pori. Waingereza walipokuja hawakulifuta wazo hilo. Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 1923 ilizitangaza ardhi zote za Tanganyika, zenye watu na zisizo na watu, kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana. Mwenyeji akabaki na haki ya kuchukuliwa kwamba anaitumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtu mmoja aitwaye Mtoro bin Mwamba alikwenda mahakamani akitaka atambuliwe kuwa mmiliki kamili kwa sheria ya mila. Alishindwa hadi kwenye Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Hebu tafakari mzunguko wake: kwanza mila ya wenyeji haikutambuliwa kuwa umiliki, kisha wenyeji wakaambiwa kwamba mila yao haina umiliki.

Australia ilipita njia hiyohiyo, tena kwa ukali mkubwa zaidi. Waingereza waliitwaa nchi ile kana kwamba haina mwenyewe, na fikra hiyo ikadumu kisheria hadi Juni 1992, Mahakama Kuu ya huko ilipoivunja katika kesi iliyofunguliwa na Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer. Ndiyo maana leo mikutano mingi ya Australia, ya bunge na ya shule, hufunguliwa kwa kuwataja wenyeji wa asili wa mahali pale na uhusiano wao na nchi yao. Sisi tulipata uamuzi wetu miaka miwili baadaye. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufaa ya Tanzania, katika kesi ya Lohay Akonaay kutoka kaskazini mwa nchi, ilisema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikafuata, ikaipa haki ya kimila hadhi sawa na hati ya serikali. Kijijini, kwa hiyo, mambo yalinyooka kwenye karatasi. Mjini hayakunyooka. Mwaka 1990 Mahakama hiyohiyo ya Rufaa, katika kesi ya Mwalimu Omari dhidi ya Omari Bilali, ilikuwa imeamua kwamba eneo likishatangazwa kuwa la mipango miji, mwenye haki ya kimila afanye haraka kuomba hati. Akilala na kiwanja akapewa mwingine, yeye ndiye mvamizi. Kwa mji unaotanuka kila mwaka kuelekea Bunju, Mbagala na Kigamboni, maana yake ni nyepesi kuelewa: mtu analala usiku akiwa mwenyeji, na tangazo la serikali linamwamsha akiwa mvamizi kwenye makaburi ya bibi yake.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni la ukabila. Nchi hii ilikataa kwa makusudi kugawana ardhi kwa makabila. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Mali ya Taifa akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kuuzwa. Baada ya uhuru madaraka ya machifu yakafutwa, na matunda yake tunayala hadi leo. Mmakonde anajenga Mbagala, Mchaga anajenga Mbezi, Msukuma anajenga Kivule, wala hakuna anayeulizwa kwao ni wapi. Tunu hiyo ni ya kulindwa kwa nguvu zote, na asiyeijali awatazame majirani waliomwaga damu kwa kuulizana nani ni mgeni. Lakini kumtaja aliyetangulia si kumpa kura mbili. Hoja ya Mwalimu ilisimama juu ya desturi ya Kiafrika kwamba ardhi ni ya kutumiwa na jamii, na kwa Dar es Salaam jamii hiyo ina jina. Tena desturi ya kuwaheshimu wenye mji hatukuiagiza kutoka ng'ambo. TANU ilikuwa na Baraza lake la Wazee mjini hapa, na mwalimu kijana wa Pugu asiyekuwa mtu wa pwani aliingia kwenye siasa za mji akiwa amepokelewa nao. Tarehe 2 Novemba 1978, alipotaka kulitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin, alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee. Marais waliomfuata nao wamewahi kuwaita wazee hao wanapokuwa na neno kubwa. Tunayo tayari ibada ya kuwatambua wenye mji. Tulichoacha ni kusema wanatambuliwa kwa lipi.

Wapo watakaosema kwamba Wazaramo nao walihamia hapa, na Washomvi wanasimulia wenyewe safari yao ya kutoka Barawa. Ni kweli, na haipaswi kufichwa. Hata kati ya wenyeji mabishano yalikuwapo: katika miaka ya 1930 siasa za Waafrika wa mji huu zilitikiswa na ugomvi wa wenyeji na watu wa kuja, kila upande ukidai uongozi, na mwaka 1938 Wazaramo wakaunda chama chao. Historia hiyo inatuonya tusigeuze utambuzi kuwa mashindano ya nani alitangulia. Ila inatufundisha pia kwamba uhusiano na nchi haupimwi kwa tarehe ya kufika. Washomvi na Wazaramo walikuwa wageni waliopatana, wakawekeana wajibu, wakazika wafu wao, wakajua maji yako wapi na tambiko lifanyike wapi. Serikali ya 1895 haikupatana na mtu. Tofauti kati ya wageni hao wa aina mbili ndiyo inayopaswa kuandikwa, kwa kutaja majina ya pande zote, pamoja na Wamanyema na wengine waliofanya mji huu uwe wao kwa jasho. Uchunguzi wa J. A. K. Leslie, uliochapishwa mwaka 1963, ulikuta Wazaramo wakiwa zaidi ya theluthi moja ya Waafrika wa Dar es Salaam. Leo, katika Kijiji cha Makumbusho pale Barabara ya Bagamoyo, nyumba yao imesimama pamoja na nyumba za makabila mengine kutoka kila pembe ya nchi, kama ya mgeni mmojawapo aliyeletwa kuonyeshwa. Nyingine zote ziko mbali na kwao. Hiyo iko kwao.

Linabaki pingamizi la wanaochoshwa na maneno. Wanasema: Australia wanataja wenyeji kila mkutano, na bado mwezi Oktoba 2023 wapiga kura wake, takribani watu sita katika kila kumi, walikataa kuwapa wenyeji hao chombo cha kulishauri bunge. Utambuzi wa mdomoni una faida gani? Jibu ni kwamba neno peke yake halina faida, na kwetu halihitaji kuwa peke yake, kwa sababu sheria tunayo tangu zamani. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, ile inayotumika barabara au kiwanda kinapopita juu ya wafu, haikuishia kwenye gharama ya kufukua na kuzika upya. Imetaja pia gharama za matambiko ya kutuliza na kuomba radhi. Bunge la Tanzania huru, katika kipindi kilekile lilichokuwa likijenga taifa lisilo na ukabila, lilikiri kwamba kati ya watu na ardhi kuna kitu zaidi ya matumizi. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya kaburi moja moja. Ilistahili kupanuka ifikie mahali pazima.

Tazama jinsi fidia inavyofanyika shamba la pembezoni linapotwaliwa. Mthamini anapita na karatasi, anahesabu minazi, miembe na mikorosho, anaangalia umri na hali ya kila mti, anapima nyumba, anaandika idadi ya makaburi. Pwani ilizoea tangu kale kwamba mnazi una mwenyewe hata kama ardhi ni ya mwingine, kwa hiyo hesabu ya miti inaeleweka na watu huifuatilia kwa makini. Lakini hakuna safu ya kuandika kwamba hapa palikuwa na mkole, au kwamba kisima hiki kilichimbwa na ukoo fulani, au mtaa huu uliitwaje kabla haujapewa namba ya kitalu. Safu hiyo haigharimu chochote. Ingejazwa na wazee wa mtaa husika, ingehifadhiwa na halmashauri ya Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni, na ingewapa walimu wa somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili kitu cha kufundisha ambacho mtoto anaweza kwenda kukiona kwa miguu. Magofu ya Kunduchi yangepata maelezo yanayowataja Washomvi kwa jina, na habari ya mji ingeanza mapema zaidi ya Majid. Wenye kumbukumbu hizo wengi ni bibi waliowacheza wali Bunju na Mbagala kabla ya lami kufika, na kazi ya kuwauliza inaweza kuanza kwenye mkutano wa mtaa unaofuata.