Dawa katika Damu ya Simbilisi

Tangu zamani binadamu ametafuta dawa katika mizizi, majani na magome ya miti. Ni nani aliyedhani kwamba silaha ya kupigana na saratani ingeonekana katika damu ya simbilisi, mnyama mdogo asiye na mkia, afugwaye kwa kitoweo huko Amerika ya Kusini?

Mnamo mwaka 1953, tabibu John Kidd wa New York, Marekani, alitangaza jambo la ajabu. Alikuwa akiwajaribia panya wenye saratani maji ya damu ya sungura waliochanjwa ili damu yao ishindane na ugonjwa huo. Aliyachanganya na maji ya damu ya simbilisi, kuyatia nguvu tu. Panya wengine aliwapa ya simbilisi peke yake, wawe kipimo cha kulinganishia. Kumbe, hao nao uvimbe ulinywea ukatoweka! Mwenye haraka angalisema jaribio limeharibika. Kidd hakuliacha. Alijaribu maji ya damu ya farasi, yasifae kitu.

Siri hiyo ilifumbuliwa na J. D. Broome mwaka 1961. Damu ya simbilisi ina kimeng'enya kiitwacho asparajinesi, ambacho huvunja asparajini, kitu ambacho seli hukitumia kujengea protini. Seli zenye afya hujipikia asparajini yao wenyewe. Seli za baadhi ya saratani hazijui kupika. Hudoea katika damu. Chakula hicho kikiondolewa, mwenye jiko huishi na mdoezi hufa njaa.

Lakini simbilisi ni mdogo. Damu yake ingewatosha wagonjwa wangapi? Mwaka 1964 ilidhihirika kwamba bakteria wa matumbo aitwaye E. coli naye hutengeneza kimeng'enya cha namna hiyo, naye hukuzwa kwa wingi. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1978, na hata leo hutumiwa pamoja na nyingine kuwatibu watoto wenye saratani ya damu. Haikosi madhara, kwani miili ya wagonjwa wengine huikataa kwa ukali.

Yafaa tukumbuke kwamba kimeng'enya hicho kilikwisha kuonekana katika damu ya simbilisi mwaka 1922, na Clementi. Kwa miaka zaidi ya thelathini elimu hiyo ilikaa vitabuni bila kazi, mpaka alipotokea mtu aliyewatazama vyema panya ambao hawakutazamiwa kupona.