Buti: kiatu kilichopanda gari

Neno "buti" lina maisha mawili. Askari huvaa buti mguuni. Dereva wa teksi hufungua buti apakie mizigo ya abiria. Maana zote mbili zimetoka kwa Waingereza, ambao waliita sehemu ya mizigo ya magari ya farasi kwa jina hilohilo la kiatu. Wamarekani wao huiita "trunk", yaani sanduku.

Ngeli nayo imegawa wasemaji: wapo wa "buti la gari" na wapo wa "buti ya gari".

Kinachoshikilia mlango wa buti ukiwa wazi kimepata jina kwa kufanana sura. Mafundi wengi hukiita shokapu, kama ile ya gurudumu, kwa kuwa zote ni silinda yenye fimbo. Kazi ni tofauti. Shokapu ya gurudumu hutuliza mtikisiko. Ya buti husukuma, kwa nguvu ya gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa ndani pamoja na mafuta kidogo. Sili ikichakaa, gesi huvuja, na mlango wa nyuma wa gari kama Probox humshukia mwenye mzigo kisogoni. Hapo kipande cha mti huingia kazini, naye fundi hutoa hukumu kwa neno moja: "Imekufa."