Kanada na zile alama 15 za afisa

Jamani, mfumo wa alama za uhamiaji unafanana sana na programu: jumlisha, linganisha, amua. Kanada iliuanzisha Oktoba 1, 1967. Vigezo tisa, alama 100. Ukifikisha 50 umepita. Elimu 20, umri 10. Kumbuka hadi 1962 rangi na nchi ulikotoka ndizo zilizotangulia.

Lakini alama 15 aliachiwa afisa, akutazame aone kama una bidii na utazoea maisha ya huko. Yaani mwenye kati ya 35 na 49 kwenye vigezo vingine vinane alikuwa mkononi mwake. Mimi naiita hitilafu. Wao waliiandika makusudi.

Express Entry ya Januari 2015 hupanga waombaji kwa alama hadi 1,200. Kiwango cha kualikwa hubadilika kila duru.