Tamasha la Filamu Fupi la Oberhausen

Tamasha hili hufanyika kila mwaka Oberhausen, mji wa bonde la viwanda la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani. Lilianzishwa mwaka 1954 na Hilmar Hoffmann, mkuu wa chuo cha elimu ya watu wazima mjini humo. Wapo wanaoiona filamu fupi kuwa zoezi tu la kujiandaa kwa filamu ndefu, lakini historia ya Oberhausen inawakatalia. Tarehe 28 Februari 1962, watengeneza filamu 26, wakiwemo Alexander Kluge na Edgar Reitz, walitoa hapo azimio la kuachana na sinema ya zamani ya nchi yao. Kufuatia azimio hilo, mwaka 1965 ukaundwa mfuko wa kugharimia filamu za chipukizi. Kweli, azimio lenyewe lilidai nafasi ya kutengeneza filamu ndefu. Hata hivyo, ushahidi waliouweka mezani ni tuzo ambazo filamu fupi za Kijerumani zilikwisha kushinda katika matamasha ya kimataifa: lugha mpya ya sinema ilikuwa imeshapatikana humo, pasipo shinikizo la wasambazaji. Uhuru huo, bila shaka, haukuwa kamili. Mwaka 1968 filamu ya mwongozaji Hellmuth Costard iliondolewa kwenye ratiba ya tamasha, na watengeneza filamu wengi wa Kijerumani wakaondoa zao kwa kumuunga mkono.