Maili za Watu Wengine

Mjomba wangu alikuwa na kauntabuku moja, jalada gumu, ukingo mwekundu. Kila safari aliyoenda na gari lake aliiandika humo: tarehe, mahali, halafu namba mbili. Maili za kutoka, maili za kurudi. "Nakuru, harusi." "Limuru, matanga." "Machakos, mbuzi." Hiyo ya mbuzi naikumbuka kwa sababu gari lenyewe lina viti viwili tu, na mbuzi alikaa mbele kama mheshimiwa.

Safari ya mwisho kuandikwa ni ya 2009. Namba ya mwisho ni 71,406. Baada ya hapo kurasa ni tupu. Sio kwamba mjomba aliacha kuendesha. Spidomita ndiyo ilikwama, na yeye hakuwa mtu wa kukisia. Aliendelea kuendesha bila kuandika mpaka alipofariki, na gari likaniangukia mimi: MGB ya 1969, rangi ya kijani kibichi, usukani kulia, geji karibu zote zimekufa. Anti, mkewe, alinipa funguo na maneno machache. "Digrii hukumaliza. Haya, maliza gari."

Nilikuwa nasoma historia kabla niache chuo. Kwa hivyo nilianza na swali la mtu wa historia badala ya swali la fundi: hii geji ilitoka wapi?

Swali la fundi lilinifikia siku ya kwanza nilipoenda Grogan. Kwenye ramani barabara hiyo ni Kirinyaga Road, lakini ukitafuta spea Nairobi utasikia "Grogan" kutoka kwa vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa jina likibadilishwa. Ewart Grogan ndiye mlowezi aliyewachapa viboko Waafrika hadharani mjini Nairobi mwaka 1907. Jina lake bado linauza shoki na beringi. Nikauliza duka baada ya duka: "Mna spidomita ya MGB?" Mmoja alicheka, mwingine aliniuliza kama MGB ni simu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma ya rundo la alteneta akaniita.

"Kijana, ukiuliza gari, hutapata. Gari lilitengenezwa na watu hamsini. Angalia geji imeandikwa nini."

Nilienda nyumbani nikaangalia. Katikati ya uso wa geji kuna jina dogo: SMITHS.

Smiths walianza kama watu wa saa. Samuel Smith alifungua duka la saa London mwaka 1851. Gari lilipoingia Uingereza likaja na tatizo jipya. Kuanzia Januari 1904 sheria ilipandisha kikomo cha kasi hadi maili 20 kwa saa, na ghafla dereva na polisi walikuwa na jambo la kubishania bila ushahidi. Mwaka huo huo Smiths walitengeneza kifaa cha kupima mwendo kwa gari la Mfalme Edward VII. Hesabu yao ilikuwa rahisi: ukijua kugawanya muda kwa magurudumu madogo yenye meno, kugawanya umbali sio kazi ngumu. Walijenga kiwanda kikubwa Cricklewood, kaskazini magharibi mwa London, kilichokuja kuajiri watu kwa maelfu. Wakaingia pia kwenye biashara ya Jaeger upande wa Uingereza, ndiyo maana MG nyingi za zamani zina geji zilizoandikwa Jaeger ilhali mikono iliyozifunga ni ya Smiths.

Ukifungua spidomita ya mwaka wa gari letu, unakuta kitu cha ajabu. Kebo inatoka kwenye giaboksi na kuzungusha sumaku. Sumaku imekaa ndani ya kikombe cha aluminiamu, na haikigusi. Inapozunguka inaunda mkondo wa umeme ndani ya kikombe, na mkondo huo unakivuta kikombe kifuate. Springi nyembamba kama unywele inakizuia kisizunguke chote, na mshale umefungwa hapo. Mjerumani Otto Schulze ndiye aliyesajili wazo hilo mwaka 1902. Kwa hivyo mshale unaosema unaenda 60 haujashikana na chochote kinachozunguka. Unavutwa tu, kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

Namba za maili ni hadithi nyingine. Zile zimeshikana kweli, gia kwa gia, kila pipa la namba likimaliza mzunguko linasukuma jirani yake hatua moja. Kwetu gia moja ndogo ya chuma laini ilikuwa imekatika meno. Ilikatika kwenye 71,406.

Sasa, najua unachofikiria, kwa sababu rafiki zangu waliniambia waziwazi. Kwani unahangaika na toi ya mkoloni kwa nini? Swali ni la haki, na sikulikwepa. Mei 1953 Smiths walikuwa wametoa saa kwa msafara wa Waingereza uliopanda Everest, na kilele kilifikiwa tarehe 29. Siku hizo hizo, 27 Mei hadi 1 Juni, Afrika Mashariki kulikuwa na mashindano ya magari ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yale yaliyokuja kuwa Safari Rally. Na siku hizo hizo Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, Land Rover za serikali zikipanda na kushuka barabara za Mlima Kenya na Nyandarua. Dola lile lilipenda kupima. Lilipima kilele, mashamba, mwendo. Geji ni chombo cha watu hao, siwezi kujifanya si hivyo.

Lakini mjomba alilinunua gari hili mwaka 1984 kutoka kwa mwalimu Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao. Kuanzia siku hiyo maili zilizohesabiwa ni za harusi zetu, matanga yetu, na mbuzi yule. Mimi sikuwa natafuta maili za Mwingereza. Natafuta njia ya kuendeleza kauntabuku.

Basi kwa nini geji hizi ni ngumu kupata? Nilidhani ni kwa sababu magari yalikuwa machache. Sivyo. MGB ilitengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980, na zilitoka zaidi ya laki tano. Shida ni kwamba nyingi zilienda Marekani. Baada ya Vita vya Pili Uingereza ilikuwa na madeni, chuma kiligawiwa kwanza wanaouza nje, na MG ikajifunza kuishi kwa dola. Kisha Marekani ikaleta sheria za usalama, na kuanzia magari ya 1968 MGB za huko zikapewa dashibodi nene ya kufyonza mgongano, yenye geji kubwa zilizopunguzwa upana. Kwa hivyo ukinunua geji kutoka Marekani, haijai tundu la gari la huku.

Hata ukipata inayojaa, kuna mtego. Chini ya uso wa spidomita ya Smiths kuna namba ndogo unayoweza kudhani ni uchafu. Yetu inasema 1280. Maana yake ni mizunguko ya kebo kwa kila maili moja. MGB nyingine zina 1000. Ukifunga ya 1000 kwenye gari la 1280, ukiwa unaenda maili 50 kwa saa mshale utakuambia 64, na kihesabu kitakuongezea zaidi ya robo ya safari ambayo hukuenda. Geji itaingia, itawaka taa, itapendeza, na itakudanganya kila siku.

Mzee wa alteneta alinifundisha mengine. Geji ya mafuta ilikuwa imelala kwenye sifuri, nikawa tayari kuitafuta Uingereza. Akaniuliza kama nimepima kifaa kidogo nyuma ya dashibodi kinachopunguza umeme wa betri hadi volti 10. Watu wengi wametupa geji nzima wakati aliyekufa ni huyo. Tukapima. Kwetu wote wawili walikuwa wamekufa, lakini hiyo haikumsumbua. Mwaka 1968 MG na Land Rover ziliingia kampuni moja, British Leyland. Mwaka 1974 ikaanzishwa Leyland Kenya pale Thika, serikali yetu ikiwa na hisa, na Land Rover zikaunganishwa hapo. Land Rover za enzi hiyo zilikuwa na geji za Smiths, za volti 10 hizo hizo. Akatoa geji ya Land Rover kwenye katoni, akachomoa mtambo wa ndani, akauweka nyuma ya uso wa geji yetu. Ukiangalia huwezi kujua. Gari la shamba linatupimia mafuta ya gari la mbio.

Geji ya joto la maji ndiyo ilinitoa jasho. Haitumii umeme. Ina mrija mwembamba wa shaba wenye etha ndani. Injini ikipasha, etha inageuka mvuke, mvuke unasukuma bomba dogo lililopinda, na mshale unapanda. Bomba hilo ni wazo la Mfaransa Bourdon, la 1849. Mrija ukikatika, etha inatoroka na geji inakuwa pambo. Tiba ni kununua geji ya bei rahisi yenye mrija mzima na kuunganisha mrija huo kwa lehemu kwenye geji ya zamani. Lakini etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, na inawaka kama petroli. Kwa hivyo mrija lazima ulale kwenye barafu iliyochanganywa na chumvi wakati wa kukata na kuunganisha, nje, mbali na moto wowote, na kwa pasi ya lehemu, si mwali. Barafu alileta kwenye ndoo kutoka kwa mama muuza samaki. Alifanya kazi hiyo kwa dakika chache, akipumua polepole, kisha akatia ncha ya mrija kwenye birika la maji ya chai. Mshale ukapanda.

Nikamuuliza alijifunza wapi. Akasema kwa Mhindi mmoja aliyekuwa na karakana, ambaye naye alijifunza mahali. Ana mwanafunzi? "Nani atajifunza geji? Magari ya sasa dashibodi ni kama simu." Smiths wenyewe waliacha biashara ya geji za magari mwanzoni mwa miaka ya 80. Leo geji zenye jina hilo zinatengenezwa na kampuni nyingine kwenye bonde la Swansea, Wales. Huko angalau kuna karakana yenye mlango na jina. Huku maarifa yote yako kichwani mwa mzee mmoja nyuma ya alteneta, na sijaona kitabu chochote kilichoyaandika. Siku ile nilianza kuyaandika mimi, kwenye kurasa za nyuma za kauntabuku.

Ilibaki spidomita. Gia ile haikuwa na pacha Nairobi. Nina binamu ambaye ni nesi Southampton, na si mbali na kwake ni Beaulieu, ambapo tangu 1967 kuna soko la vipuri vya magari ya zamani. Siku hizi hufanyika kila Septemba. Nilimwomba aende. Magari hayampendezi hata kidogo. Alinipigia video akiwa katikati ya matope na meza zisizo na mwisho. "Kuna masanduku ya hizi vitu hapa, zote zinafanana. Unataka gani?"

"Soma namba ndogo chini ya uso."

Alisoma moja moja kwa sauti, muuzaji akimwangalia. 1000. 1000. 1040. 1000. Halafu kimya. "1280."

Ilifika Nairobi ndani ya soksi, ndani ya sanduku la mgeni aliyekuja likizo. Kihesabu chake kilisoma 38,912. Hizo ni maili za nani? Barabara gani, mvua gani, mbuzi gani?

Mzee akaishika, akaitikisa karibu na sikio, akaridhika. "Nikurudishie namba ya mjomba wako? Nikifungua hapa nazungusha mpaka 71,406. Ni kazi ya dakika kumi."

Sisi ni watu tunaojua namba zinavyozungushwa. Mtu ameagiza gari mitumba kutoka Japani, likafika na maili za bibi aliyekuwa anaenda sokoni tu. Lakini hapa haikuwa wizi, au sivyo? Ingekuwa namba ya kweli. Nikafikiria usiku mzima. Ndipo nikakumbuka kwamba mjomba aliendesha miaka mingi baada ya 2009. 71,406 haikuwa ukweli tena. Ilikuwa tu mahali ushahidi ulipoishia.

Kesho yake nikamwambia mzee aifunge ilivyo. Geji ya zamani nimeifunga kwa kitambaa, iko kwenye droo ya anti. Kisha nikafungua kauntabuku ukurasa uliofuata safari ya 2009, nikaandika:

"Hapa spidomita ilibadilishwa. Ya kwanza ilisimama 71,406. Katikati mjomba aliendesha na hakuna ajuaye kiasi gani. Hii imeanza 38,912, maili za mtu mwingine."

Chini yake ni safari ya kwanza. "Thika, pamoja na anti. Kutoka 38,912. Kurudi 38,966." Alikalia kile kiti cha mbuzi, akaniambia nipunguze mwendo mara tatu. Mara zote tatu niliangalia mshale. Ulikuwa kwenye 40.