Treni ya Usiku Iliyopita Makueni: Historia Fupi

Disemba 2026 itatimia miaka 125 tangu reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ifike ziwani, pale palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo. Makueni ina haki ya kuanza sherehe mapema, kwa sababu vyuma vilipita kwake kabla ya kufika Nairobi, Mei 1899. Na kila wazee wa Makindu na Sultan Hamud wanapoitaja reli hiyo, swali linalofuata ni lile lile: treni ya abiria iliyokoma mwaka 2017 irudishwe au iachwe ilale?

Ukitaka kujua kwa nini stesheni za Makueni ziko zilipo, fuata maji. Injini za mvuke zilikuwa na kiu isiyokatika, na wajenzi walikuwa wametoka kuteseka katika nyika ya Taru, ambako maji yalibidi yaletwe kwa treni yenyewe. Walipofika chini ya vilima vya Chyulu, hali ilibadilika. Mvua inayonyesha juu ya Chyulu haizai mto; inazama ndani ya mawe ya volkano na kutokeza bondeni kwenye chemchemi. Ndiyo maana Kibwezi, Makindu na Kiboko zina maji wakati nchi inayozizunguka imekauka. Sultan Hamud, kwa upande wake, ilipata jina kwa heshima ya Sultani wa Unguja, Hamoud bin Mohammed, ambaye inasimuliwa kwamba alikuja kuitazama kazi ilipofika karibu na maili ya 250.

Makindu ilikuwa kituo kikubwa cha kazi, na miongoni mwa mafundi walioletwa kutoka Punjab walikuwamo Wasikh. Gurdwara, yaani hekalu la Kisikh, waliyoiacha, iliyojengwa mwaka 1926, ingali pale kando ya barabara kuu ya Mombasa. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, anavua viatu, anafunika kichwa kwa kitambaa, anaketi na kupewa chapati, dengu na chai bila kuulizwa pesa. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu bora kabisa ambacho reli ilikiacha Ukambani, na hakihitaji kukarabatiwa kwa mkopo wa mtu.

Stesheni ya Kima ina hadithi nyingine. Juni 1900, afisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani ya behewa pamoja na wenzake wawili, Mjerumani na Mwitaliano, wakimvizia simba aliyekuwa akila watu stesheni. Zamu ya Ryall ilimkuta amesinzia. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, mlango ukajifunga nyuma yake, naye akatoka dirishani na Ryall mdomoni. Behewa hilo liko hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi.

Watengeneza filamu wamezipenda sana hadithi za namna hii. *The Ghost and the Darkness* ya 1996, juu ya simba wa Tsavo, ilipigwa Afrika Kusini. *Out of Africa* ya 1985 ilipigwa huku kwetu, lakini garimoshi lake halikuwa na nguvu ya kwenda: lilisukumwa na injini ya dizeli iliyofichwa ndani ya behewa la kuigiza. Watalii wengi wanaoililia reli ya zamani wanalilia hilo la filamu.

Reli yenyewe ilikuwa kitu kikubwa kuliko sinema. Mwaka 1955 na 1956 zilikuja injini 34 za aina ya 59 kutoka Beyer Peacock ya Manchester, kila moja tani 252, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Treni ya abiria iliondoka Nairobi jioni na kuivuka Makueni usiku. Katika behewa la chakula kulikuwa na vitambaa vyeupe mezani. Daraja la tatu kulikuwa na mabenchi, vikapu na kuku. Kisha dizeli ikaja, na dizeli haihitaji maji ya Chyulu. Stesheni ndogo zikaanza kufa moja moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli la Kenya likaundwa. Mwaka 2006 kazi ikakodishwa kwa Rift Valley Railways, na treni ikazidi kuchelewa.

Mei 31, 2017, Madaraka Express ilizinduliwa kwenye reli mpya. Ndani ya Makueni, treni inayosimama njiani inasimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Makindu na Sultan Hamud, zilizozaliwa na reli, hazimo.

Sasa tuje kwenye swali la kuirudisha treni ya zamani, na tuanze na mfano. Mwaka 2008 moto uliteketeza King Kong, sokwe wa maonyesho wa Universal Studios kule California. Mwaka 2010 alirudi akiwa picha kwenye skrini. Wageni walifurahi, kwa sababu tangu mwanzo walikuja kutazama tu. Treni ya Makueni watu waliipanda. Kuifufua kwa moshi wa maonyesho na wahudumu wenye kofia nyekundu kutawapa wageni picha, lakini mama wa Makindu hatapata kiti.

Kwamba inawezekana, tumeshaona: treni ya Nanyuki ilirudi Disemba 2020 na ya Kisumu Disemba 2021, zote kwenye reli ya zamani. Basi irudishwe, kwa dizeli, bila madoido. Injini ya mvuke 5918, Mount Gelai, mojawapo ya zile 34, ibaki makumbusho ilipo. Abiria wa Kitui nao wangefaidi, kwa kuwa siku hizi lami inawafikisha Kibwezi kupitia Mutomo. Isipowezekana kwenda hadi Mombasa, treni iishie Mtito Andei: itoke Nairobi asubuhi, irudi jioni, na Sultan Hamud na Makindu ziwemo kwenye ratiba.