Jicho la mzinga

Siku moja, kabla sehemu ya Beit al-Ajaib, hapa Unguja, haijaporomoka Desemba 2020, nilichutama nyuma ya mmoja wa mizinga miwili ya shaba iliyokuwa mbele ya jengo hilo, nikafumba jicho moja na kulenga jahazi lililokuwa likipita. Nilijiona mpiga mzinga hodari, kumbe nimekosea. Tako la mzinga ni nene kuliko mdomo wake, kwa hiyo mgongo wake unateremka kuelekea mbele ilhali tundu la ndani limenyooka. Ukisawazisha mgongo na jahazi, tundu linatazama juu ya jahazi.

Wapiga mizinga wa zamani waliijua hila hiyo. Walisimamisha kipande cha mti au chuma mdomoni, kirefu kiasi cha kufidia unene wa tako, ndipo jicho na tundu vikatazama sambamba. Ncha ya mbele ya bunduki ya leo, ile unayoiweka katikati ya pengo la nyuma, ni jamaa wa kipande kile.

Mizinga yenyewe ni ya Wareno. Waajemi waliiteka Hormuz mwaka 1622, na kutoka Ghuba mizinga hiyo ikaja kuishia Unguja. Hapa kwetu imelengwa zaidi na kamera za watalii.

Kulenga kwa kufundishwa kulikuja na Lloyd Mathews, luteni wa jeshi la majini la Uingereza, aliyeanza mwaka 1877 kumuundia Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, jeshi la kisasa. Askari wake walipewa bunduki 500 aina ya Snider. Snider ilikuwa na kibati cha kunyanyua nyuma, chenye alama za umbali: shabaha ikiwa mbali, unapandisha pengo, na mtutu nao unainuka.

Kisha ikaja Agosti 27, 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili nyuma, na Khalid bin Barghash alikuwa ameshika kasri bila ridhaa ya Waingereza. Saa 3 na dakika 2 asubuhi manowari zao zikafyatua. Mizinga ya kasri ilikuwa imeelekezwa baharini: miwili ya kisasa, zawadi ya Kaiser Wilhelm II, na mmoja wa shaba wa karne ya 17. Kombora la kwanza la manowari Thrush likaung'oa mmoja wa ile ya kisasa.

Vita hivi husimuliwa kama kichekesho, dakika 38 na basi. Mimi sicheki. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri walikufa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia vibaya baharia mmoja. Wala haikuhitajika shabaha ya ajabu. Kasri lilikuwa kubwa, manowari zilitia nanga karibu, na boriti zake hazikuwekwa kuzuia makombora.

Miaka minne baadaye, huko Dublin, mtengeneza darubini Howard Grubb alisajili uvumbuzi uliolitazama tatizo la mzinga wa shaba kwa njia nyingine kabisa. Badala ya jicho kupanga vitu vitatu, yaani pengo, ncha na shabaha, kioo kinaakisi alama ya mwanga ionekane kama iko mbali sana, pale pale penye shabaha. Kichwa kikisogea kidogo, alama haiachi shabaha. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden iliileta sokoni nukta nyekundu inayowashwa kwa betri.

Hata hivyo vyuma vya zamani havikutupwa. Fundi anayefunga kioo juu ya bunduki huchagua kimo ambacho ncha na pengo vitaonekana kupitia humo, ama sawa na nukta, ama chini yake kidogo. Kisha anapiga risasi, anatazama zilipoangukia na kuzungusha skrubu za kioo, kwa sababu nukta kukaa juu ya ncha hakuthibitishi kwamba risasi itafika pale. Betri ikifa, ncha ipo.

Asubuhi ile ya 1896 meli ya Sultani, Glasgow, nayo ilijaribu kujibu kwa mizinga yake midogo ya kushindiliwa mdomoni. Ilizamishwa pale pale bandarini. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini, ikionekana kutoka Forodhani, hadi mabaki yalipoondolewa mwaka 1912.